Kukuza Fuwele za Protini katika Vijifereji Vyembamba

Mpishi wa visheti wa Miburani, katika Kisiwa cha Mafia, anajua jambo la kemia ambalo wanafunzi wengi hulisoma darasani na kulisahau baada ya mtihani. Sukari ikichemshwa na maji kidogo mpaka shira iwe nzito, kisha visheti vikatiwa na kukorogwa upesi upesi, sukari huganda juu yake kwa punje ndogo nyeupe zisizohesabika. Lakini shira hiyo hiyo ikisahauliwa ndani ya chupa pasipo kutikiswa, baada ya siku nyingi huonekana chini ya chupa punje chache, kubwa, zenye pande bapa na pembe kali. Sukari ni ile ile na maji ni yale yale. Tofauti imeletwa na mwendo: katika sufuria molekyuli zililazimishwa kuganda kwa haraka na kwa vurugu, na katika chupa zilijipanga taratibu, moja baada ya moja.

Punje hizo za sukari ni fuwele. Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia pande zote. Mfano ulio karibu, kwa mtu wa Mafia, ni shamba la minazi lililopandwa kwa kamba. Apitaye barabarani kando ya shamba hilo huona minazi imechanganyika ovyo. Akipiga hatua chache zaidi, ghafula njia nyoofu hufunguka kati ya safu na macho hupenya mpaka mwisho wa shamba. Akiendelea, njia hiyo hufumba na nyingine hufunguka kwa pembe tofauti. Mwenye subira akiandika pembe za njia hizo zote, aweza kukokotoa mpangilio wa minazi bila kuingia shambani.

Eksirei hufanya kazi ya mpita njia huyo. Urefu wa wimbi lake ni kama sehemu moja ya kumi ya nanomita, yaani karibu sawa na nafasi iliyopo kati ya atomu na atomu. Miali yake ikipita ndani ya fuwele hutoka kwa pembe maalumu na kuacha madoa kwenye kipokezi. Kutokana na mahali pa madoa hayo na ukali wake, wataalamu hukokotoa kila atomu imekaa wapi. Molekyuli moja peke yake haiwezi kutoa doa linalopimika. Mabilioni yaliyopangika sawasawa hutoa. Ndiyo maana anayetaka kujua umbo la protini kwa njia hii hana budi kwanza kupata fuwele yake, na hapo ndipo taabu huanza.

Kutoka nyungunyungu hadi selimundu

Fuwele ya kwanza ya protini kuandikiwa habari ilionekana mwaka 1840. Mwanasayansi Mjerumani, F. L. Hünefeld, alichunguza damu ya nyungunyungu iliyokaukia kati ya vipande viwili vya kioo, akaona vibamba vyekundu vyenye kingo nyoofu. Vilikuwa fuwele za himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Msomaji na aikumbuke ile nafasi nyembamba kati ya vioo viwili, maana itarudi katika maelezo yanayofuata.

Karibu miaka mia moja ilipita kabla fuwele za namna hiyo hazijatoa picha nzuri ya eksirei. Zilipotolewa katika kimiminiko chake zilikauka, na mpangilio ukavurugika. Mwaka 1934, huko Cambridge, J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot waliacha fuwele ya pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ikae ndani ya maji yake katika mrija mwembamba wa kioo, na madoa yakaonekana wazi. Crowfoot, aliyezaliwa Cairo mwaka 1910 na kujulikana baadaye kwa jina la Hodgkin, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1964. Max Perutz alianza kazi ya fuwele za himoglobini mwaka 1937, na umbo la jumla la molekyuli hiyo likachapishwa mwaka 1960. Alitumia zaidi ya miaka 20 kwa protini moja.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki protini hiyo si jambo la mbali. Katika miaka ya 1949 hadi 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mengi ya Afrika Mashariki. Aliona kwamba urithi wa selimundu ulikuwa mwingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, mahali penye malaria nyingi, na ulikuwa haba sana nyanda za juu zenye baridi. Mtu aliyerithi jini la selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Aliyelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Mwalimu anayefundisha somo hili katika shule ya Mafia, au popote mwambaoni, aelewe kwamba huenda darasani mwake yumo mwanafunzi anayeishi na ugonjwa huo.

Asili ya ugonjwa ni ndogo ajabu. Himoglobini ya mtu mzima ina asidi amino 574 katika minyororo minne. Vernon Ingram alionyesha katika miaka ya 1956 na 1957 kwamba himoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu katika kila mnyororo wa beta: mahali pa sita, penye asidi ya glutamiki, pamekaa valini. Mwaka 1975 Warner Love na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitangaza umbo la fuwele za himoglobini hiyo ikiwa haina oksijeni. Ilionekana kwamba valini ya molekyuli moja huingia katika kishimo kilicho upande wa molekyuli jirani, kama ulimi wa ubao unavyoingia katika mfuo wa ubao wa pili. Molekyuli huungana zikawa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo huipinda chembe nyekundu ya damu mpaka ikafanana na mundu. Huu ni mpangilio wa namna ya fuwele unaotokea mahali pasipostahili, ndani ya mwili wa mtu aliye hai.

Ugumu wa kuigandisha protini

Molekyuli ya sukari ni ndogo na ngumu. Molekyuli ya protini ni kubwa, laini, na hugusana na jirani zake mahali pachache tu. Mara nyingi kama nusu ya ujazo wa fuwele yake ni maji. Kwa hiyo safu zake huvurugika kwa sababu ndogo.

Ili protini igande, myeyusho wake huongezwa chumvi au kitu kingine kinachoipunguzia uwezo wa kuyeyuka. Kikiongezwa kidogo mno, hakuna kinachotokea. Kikiongezwa kupita kiasi, protini yote huanguka kwa pamoja ikawa mashapo meupe yasiyo na mpangilio, kama ute wa yai uliotiwa ndani ya maji ya moto. Kati ya hali hizo mbili kuna sehemu mbili nyembamba zenye faida. Katika ya kwanza viini vya fuwele huweza kuzaliwa. Katika ya pili, ambayo ukolezi wake ni mdogo zaidi, viini vipya havizaliwi lakini vilivyokwisha kuzaliwa huendelea kukua. Mkuzaji hodari huipitisha protini yake katika sehemu ya kwanza kwa muda mfupi tu, ili vipatikane viini vichache, kisha huiteremsha katika ya pili na kuiacha humo. Hakuna kanuni inayotabiri sehemu hizo ziko wapi kwa protini mpya. Hutafutwa kwa kujaribu chumvi mbalimbali, viwango vya asidi na halijoto, pengine mara mamia kadhaa, na protini yenyewe mara nyingi hupatikana kwa miligramu chache baada ya kazi ya miezi.

Kuna adui mwingine ambaye haonekani kwa macho. Fuwele inapokua huchukua protini kutoka katika maji yaliyo karibu nayo. Maji hayo huwa mepesi, hupanda juu, na mahali pake huingia maji mengine mazito. Mzunguko huo huitwa myuko, na ndio ule ule unaopandisha maji ya moto katika sufuria ya wali. Myuko huleta molekyuli kwa mafungu na kwa upande mmoja zaidi ya mwingine, na safu hupandwa vibaya. Wako waliopeleka majaribio yao katika vyombo vya angani, mahali ambapo uzito hauhisiki na myuko hukoma. Njia hiyo ni ghali kupita kiasi, na ajabu ni kwamba iko nyingine duniani isiyohitaji roketi.

Nguvu ya wembamba

Myuko hupungua kwa kipeo cha tatu cha upana wa chombo. Chombo kikipunguzwa upana mara 10, msukumo wa myuko hupungua mara 1,000. Kikipunguzwa mara 100, hupungua mara 1,000,000. Katika mfereji wenye upana wa mikromita 100, ambao ni kama unene wa unywele mnene wa binadamu, maji ni matulivu karibu kama yale ya angani. Nafasi ile ya Hünefeld kati ya vioo viwili ilikuwa na faida hii hii.

Utulivu huo waweza kuhesabiwa. Osborne Reynolds, mhandisi wa Manchester, alionyesha mwaka 1883 kwamba tabia ya maji yanayopita bombani huamuliwa na namba moja: densiti ya maji ikizidishwa kwa kasi yake na kwa upana wa bomba, kisha ikagawanywa kwa mnato. Namba hiyo ikiwa chini ya 2,000 hivi, maji huteleza kwa matabaka. Ikiizidi sana, maji huvurugika. Maji ya bahari yanayoingia Ghuba ya Chole kwa Mlango wa Kinasi wakati wa bamvua yana namba ya mamilioni, na kila nahodha anajua vurugu zake. Sasa uchukuliwe mfereji wa mikromita 100, na maji yanayokwenda milimita 1 kwa sekunde:

1,000 × 0.001 × 0.0001 ÷ 0.001 = 0.1

Kwa namba hiyo ndogo, mikondo miwili ikiingizwa katika mfereji mmoja, mmoja wenye protini na wa pili wenye chumvi, itakwenda sambamba ubavu kwa ubavu bila kuchanganyika kwa vurugu. Kinachovuka mpaka ni molekyuli zenyewe, kila moja ikitangatanga kwa nasibu. Huko ndiko kusambaa.

Muda wa kusambaa nao hukokotolewa kwa urahisi: ni mraba wa umbali ukigawanywa kwa mara mbili ya kigezo cha usambaaji. Kwa protini ndogo kama lisozimu, kigezo hicho ndani ya maji ni kama mita za mraba 0.0000000001 kwa sekunde. Kuvuka mikromita 100 huchukua sekunde 50 hivi. Kuvuka sentimita 1, umbali ulio mrefu mara 100, huchukua muda mrefu mara 10,000, yaani sekunde 500,000, ambazo ni karibu siku 6. Mwanafunzi na aurudie ukokotozi huu kwa mkono wake mwenyewe, maana ndani yake mna siri yote ya chombo kinachoelezwa hapa. Anayechagua upana na urefu wa kijifereji huwa amechagua pia muda ambao protini itakaa katika kila hali, ingawa hakuna mkono unaokoroga.

Kibamba chenyewe

Kibamba cha vijifereji huweza kuwa na ukubwa wa stempu chache za barua. Kwanza michoro ya mifereji hufanywa juu ya sahani ya silikoni kwa utomvu unaogandishwa na mwanga, ikabaki kama matuta membamba. Juu yake humiminwa mpira laini wa silikoni uitwao kwa ufupi PDMS, huokwa ukaganda, hubanduliwa, na mahali palipokuwa na matuta hubaki mifereji. Mpira huo hugandishwa juu ya kioo. Mwaka 2000 Stephen Quake na wenzake, waliokuwa Taasisi ya Teknolojia ya California, walionyesha jinsi ya kuweka tabaka mbili za mpira, mfereji wa hewa ukipita juu ya mfereji wa maji. Hewa ikisukumwa, utando mwembamba kati yake hushuka na kuziba njia. Hewa ikiachwa, njia hufunguka. Hiyo ndiyo vali.

Mwaka 2002 Carl Hansen, Quake na wenzao walitumia vali 480 za namna hiyo katika kibamba kimoja kilichofanya majaribio 144 ya kugandisha protini kwa wakati mmoja. Kila jaribio lilihitaji nanolita 10 tu za protini. Ujazo huo ni wa kijumba chenye upana wa milimita 0.1, kimo cha milimita 0.1 na urefu wa milimita 1. Tone moja la kitoneshi cha maabara ya shule, lenye mikrolita 50, lingejaza vijumba 5,000. Kijumba cha protini na cha chumvi hukaa mkabala. Vali iliyo kati hufunguliwa, na molekyuli huanza kusambaa. Chumvi, iliyo nyepesi, huwahi; protini huja nyuma. Hivyo kila sehemu ya kijumba hupitia hali zake, na mahali fulani fuwele huzaliwa.

Vibamba hivi vina kasoro zake. Mpira wa silikoni hupitisha mvuke wa maji, na katika joto la pwani yetu kijumba cha nanolita 10 kingekauka upesi kama hakikuwekwa mahali penye unyevu. Fuwele iliyoota humo ni ndogo, na kuitoa bila kuivunja ni kazi ya mikono isiyotetemeka. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengine waliacha mpira, wakatumia plastiki nyembamba zinazopitisha eksirei, ili fuwele ipigwe picha papo hapo ilipoota. Aidha fuwele ndogo huharibiwa na miali kabla haijatoa madoa ya kutosha. Hapa ufumbuzi ulitoka upande usiotazamiwa: kuacha kuitafuta fuwele moja kubwa, na kutumia ndogo kwa maelfu.

Jaribio mojawapo la namna hiyo linahusu malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kimelea chake, Trypanosoma brucei, kina kimeng'enya kiitwacho kathepsini B, na watafiti hutafuta dawa ya kukizuia. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Ujerumani na Marekani lilitangaza umbo la kimeng'enya hicho. Fuwele zake ziliota ndani ya seli za wadudu zilizokuzwa maabara, zikiwa nyembamba mno kwa njia za kawaida. Zilitiwa katika maji yaliyochuruzishwa kwa mchirizi mwembamba mbele ya leza ya eksirei huko Stanford, na kila fuwele iliyopigwa ilitoa picha yake kabla ya kusambaratika. Maelfu ya picha hizo yaliunganishwa kwa kompyuta.

Malaria nayo ina mfano. Protini iitwayo RH5, ambayo kimelea cha malaria huitumia kuingilia chembe nyekundu, ilijulikana umbo lake kwa fuwele mwaka 2014, ikionekana jinsi inavyoshikana na protini ya chembe hiyo na jinsi kingamwili zinavyoizuia. Chanjo za majaribio zenye RH5 zimejaribiwa kwa watu Bagamoyo, katika Mkoa ule ule wa Pwani ulio na Mafia, chini ya Taasisi ya Afya ya Ifakara. Si kwamba kila fuwele ya aina hii huota katika vijifereji. Nyingi bado hukuzwa kwa tone la kawaida linaloning'inia juu ya kisima cha chumvi. Kijifereji hufaa zaidi pale protini ilipo haba.

Na selimundu? Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 1974 ilionekana kwamba muda unaopita kabla nyuzi za himoglobini hazijaanza hupungua kwa takriban kipeo cha 30 cha ukolezi. Ukolezi ukiongezeka kwa asilimia 10 tu, muda huo hupungua kama mara 17. Kwa hiyo uhai wa mgonjwa hutegemea mashindano: je, chembe itapita kapilari kabla nyuzi hazijaota? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipitisha damu ya wagonjwa katika vijifereji vyenye upana kama wa mishipa midogo, wakaondoa oksijeni kidogo kidogo, wakatazama damu ikiganda na kusimama, kisha ikienda tena oksijeni iliporudishwa. Maji ya kunywa kwa wingi, ambayo mgonjwa wa selimundu huhimizwa na tabibu, yana maana kubwa mbele ya kipeo hicho cha 30.

Majaribio kwa shule

Shule isiyo na kibamba yaweza kuonyesha kanuni yake. Mwalimu atie punje ya potasiamu pamanganeti katika bika ya maji: wanafunzi wataona michirizi ya zambarau ikishuka na kuzunguka. Kisha punje ndogo kabisa iwekwe juu ya kioo cha hadubini, kioo cha pili kifunike juu yake kikitenganishwa na vipande vya karatasi pande mbili, na maji yaachwe yaingie yenyewe kwa ukingo. Safari hii rangi itaenea kama duara tulivu. Kipenyo cha duara kipimwe kila baada ya dakika 5. Mraba wa kipenyo ukichorwa dhidi ya muda, nukta zitakaribia mstari mnyoofu, na mwinamo wake utaonyesha kasi ya kusambaa.

Wenye jokofu waweza kujaribu protini halisi. Alderton na Fevold walionyesha mwaka 1946 kwamba lisozimu hugandika moja kwa moja kutoka ute mweupe wa yai la kuku. Ute upigwe polepole bila kufanya povu na uchujwe kwa kitambaa. Kwa kila mililita 100 itiwe gramu 5 za chumvi safi, na kiwango cha pH kipandishwe mpaka 9.5 hivi kwa matone ya soda kali iliyozimuliwa. Kazi hii aifanye mwalimu, kwa maana soda hiyo huunguza ngozi na macho. Chombo kifunikwe na kuwekwa jokofuni pasipo kutikiswa. Waliolifanya kwanza walitia punje chache za lisozimu kama mbegu. Asiyekuwa nazo atasubiri siku nyingi, na pengine asipate kitu. Sehemu ya ute huo iwekwe pia kati ya vioo viwili vilivyozibwa kingo kwa mafuta mazito, ili matokeo ya chombo kipana na ya nafasi nyembamba yalinganishwe.

Punje zikionekana kwa hadubini, yabaki kujulikana kama ni za protini au ni za chumvi iliyokauka. Mwanafunzi aiguse mojawapo kwa ncha ya sindano. Fuwele ya chumvi ni ngumu na hupasuka kwa mlio mdogo; ya protini, kwa kuwa karibu nusu yake ni maji, hubonyea na kumeguka kimya kimya.